Mizani ya Majani na Mizani ya Mama
Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia vya Sosiot na vijiji jirani

Tumefurahi kuwaona akina baba leo, kwa maana mazungumzo haya yanawahusu kuliko wanavyofikiri, na baadaye tutawafikia.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu hapa analijua. Ukipeleka majani kituoni, unasimama karibu na mizani na macho yako hayatoki kwenye namba. Karani akisoma kilo 17 nawe ulijua ni 18, hakuna amani siku hiyo. Tumeona watu wazima wakigombana kwa ajili ya nusu kilo, na hatuwacheki, maana hiyo nusu kilo ni jasho. Sasa sisi tunauliza: mama aliyebeba hayo majani, ambaye ana mimba ya miezi 6, yeye ana kilo ngapi? Na mwezi uliopita alikuwa na ngapi? Tulipouliza swali hili katika kikundi kimoja watu walicheka, na mama mmoja akajibu, "Mimi si majani."

Tulicheka naye. Lakini hilo jibu limekaa nasi, na ndilo lililotuleta hapa.

Kuna mama mmoja tunayemjua. Hatutamtaja, na msijaribu kubahatisha, maana anaweza kuwa wa kijiji chochote. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mama mkwe wake alimpenda kama binti yake, na kwa sababu alimpenda, alimkataza mayai, akampunguzia nyama na avokado, akamwambia asishibe sana, mtoto asije akawa mkubwa akakwama. Basi yule binti akala ugali kidogo na mboga, akanywa chai, na akaendelea kuchuma hadi wiki ya mwisho. Mtoto alizaliwa na kilo 1 na gramu 900. Na uzazi wenyewe haukuwa mwepesi kama alivyoahidiwa. Alikaa na uchungu tangu jioni hadi mchana wa siku ya pili, akapoteza damu, akawa hana nguvu hata ya kumshika mtoto. Kwa wiki nyingi mtoto alilelewa kifuani, ngozi kwa ngozi, mama na kogo wakipokezana. Aliishi, na leo anakimbia. Lakini yule mama mkwe alilia mbele yetu akisema, "Ni mimi niliyemnyima." Hatukumlaumu. Alifanya alivyofundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa hivyo hivyo.

Mafundisho haya hayako Sosiot peke yake. Watafiti waliozungumza na akina mama Wakalenjin wa Uasin Gishu, na kuchapisha matokeo mwaka 2017, walikuta hofu ile ile: mayai, nyama na avokado vinaepukwa ili mtoto asiwe mkubwa tumboni. Hofu hiyo ina sababu yake. Zamani mtoto akikwama hapakuwa na gari, wala hospitali, wala daktari wa kupasua. Mama alikufa nyumbani. Wazee waliona hivyo kwa macho yao wakatafuta njia, na njia waliyoipata ni kupunguza chakula. Tunaiheshimu huruma yao. Lakini ile njia haifiki walikotaka kufika.

Tueleze kwa nini. Mtoto asiyepata chakula cha kutosha tumboni hakondi sawasawa mwili mzima. Mwili wake unaulinda ubongo kwanza. Kwa hiyo anapungua nyama ya mikono, ya miguu na ya tumbo, na ini lake linakuwa dogo, lakini kichwa kinapungua kidogo tu kuliko vyote. Na katika uzazi ni nini kinachotangulia kupita? Ni kichwa. Kukwama kunategemea zaidi upana wa nyonga za mama na jinsi mtoto alivyolala. Ndiyo sababu msichana wa miaka 15 au 16, ambaye mifupa yake bado inakua, yuko hatarini hata mtoto akiwa mdogo. Ndiyo sababu pia muuguzi anampima urefu mama mfupi sana, na kumwambia mapema ajifungulie mahali penye upasuaji.

Wakati huo huo, mama aliyejinyima ameingia katika kazi kubwa kuliko zote akiwa hana akiba. Damu ni chache. Mama mwenye damu nyingi akimwaga kiasi fulani atachoka, lakini atasimama. Mwenye damu chache akimwaga kiasi hicho hicho anaweza kufa. Na mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 2 na nusu anashikwa na baridi upesi, hanyonyi kwa nguvu, na maradhi madogo yanamshinda.

Twendeni mbali kidogo, Afrika Magharibi, kwa wakulima kama sisi. Huko Gambia, kwenye vijiji vya wilaya ya Kiang Magharibi karibu na Keneba, akina mama hulima wakati wa mvua huku ghala zikiwa tupu. Kati ya mwaka 1989 na 1994 wataalamu waliwapa wajawazito biskuti 2 za karanga kila siku, kuanzia karibu mwezi wa 5 wa mimba. Katika miezi ya njaa, watoto wa waliokula biskuti hizo walizaliwa na uzito uliozidi ule wa wenzao kwa gramu 201. Waliozaliwa wafu, na waliokufa katika wiki ya kwanza, walipungua karibu nusu. Na vichwa vya hao watoto, je, vilikuwa vikubwa mno? Mzunguko wa kichwa ulizidi kwa milimita 3 hivi. Chukueni rula ya mtoto wa shule mkatazame milimita 3. Basi hilo ndilo ongezeko ambalo kwa ajili yake tunamnyima mama yai.

Sasa, mama akiongezeka kilo 11 au 12 katika mimba, zinakwenda wapi? Wengi wanadhani ni unene wa mtoto. Mtoto ni kilo 3 na kitu. Kondo la nyuma ni zaidi ya nusu kilo. Maji anamoogelea mtoto ni karibu kilo moja, na mji wa mimba wenyewe umekua kwa karibu kilo nyingine. Damu ya mama imeongezeka kwa kilo moja na zaidi. Kuna maji yaliyokaa mwilini, na matiti yamejaa. Kinachobaki ni mafuta yanayokaa kiunoni na mapajani, na hayo ni ghala la maziwa. Mama asiyeweka ghala hilo atanyonyesha kwa kula mwili wake mwenyewe.

Lakini si kila mama anatakiwa kuongezeka kilo sawa, na hapa mtusikilize vizuri. Inategemea alianza mimba akiwa na uzito gani kulingana na urefu wake. Tuchukue mama mwenye urefu wa sentimita 160, maana wengi wetu hapa tunakaribia hapo. Akianza mimba akiwa chini ya kilo 47, yeye ni mwembamba mno, na inafaa aongezeke kilo 12 na nusu hadi 18. Akianza kati ya kilo 47 na 64 yuko sawa, na aongezeke kilo 11 na nusu hadi 16. Akiwa kati ya 64 na 77 amezidi kiasi, na kilo 7 hadi 11 na nusu zinamtosha. Na akianza akiwa juu ya kilo 77, aongezeke kilo 5 hadi 9 tu. Msikariri hizi namba. Mama mrefu ana zake na mfupi ana zake, na muuguzi ana chati. Kitu cha kukumbuka ni kwamba muuguzi hawezi kuitumia chati hiyo kama hajui ulianza na kilo ngapi. Ukienda kliniki mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi 7, ule uzito wa mwanzo umepotea na hakuna wa kuurudisha. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonwe mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kwisha. Tunajua wengi huficha mimba mpaka ijionyeshe yenyewe. Mfiche majirani, lakini si muuguzi.

Tumesema sana juu ya mama mwembamba. Sasa tumgeukie mwenzake, maana naye yupo na anaongezeka. Katika uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2014, kati ya wanawake wa miaka 15 hadi 49, wembamba mno walikuwa 9 kwa kila 100, na waliozidi uzito walikuwa 33 kwa kila 100. Wale wa pili ni zaidi ya mara tatu ya wale wa kwanza! Wako mjini, lakini wako hapa pia. Ni mama mwenye duka anayekaa kutwa, anayekunywa chai ya sukari vijiko 3 mara 5 kwa siku, na mandazi pembeni. Kwetu mwanamke akinenepa baada ya kuolewa watu humsifu mume kwamba anatunza. Sisi hatutaki kumwaibisha mtu kwa mwili wake, na tunawaomba vikundi msifanye hivyo. Mama aliyechekwa kwenye mizani harudi kliniki.

Hata hivyo lazima tuseme ukweli. Mama mwenye uzito uliozidi sana yuko katika hatari zaidi ya presha ya mimba, ile inayoweza kugeuka kuwa kifafa cha mimba. Yuko katika hatari zaidi ya kisukari kinachoanza katika mimba. Sukari ikiwa nyingi katika damu ya mama humfikia mtoto, naye ananenepa mabegani na kifuani, anapita kilo 4, na hapo ndipo kunakuwa na kukwama kweli: kichwa kimetoka, bega limekataa. Kwa hiyo wazee waliogopa kitu kilichopo. Walikosea tu mahali kinapotoka: mayai na avokado kwa kiasi havimfanyi mtoto akwame bega. Mama huyu pia hupasuliwa mara nyingi zaidi, kidonda chake hukawia kupona, na huweza kutokwa damu nyingi baada ya kuzaa.

Jambo dogo ambalo halijulikani: mkono wake ukiwa mnene, kile kitambaa cha kupimia presha kikiwa kidogo huonyesha presha ya juu kuliko ilivyo. Muulizeni muuguzi kama ana kitambaa kikubwa. Hatakasirika, na akikasirika ulizeni tena.

Je, apunguze mwili akiwa na mimba? Hapana. Mimba si wakati wa kujikondesha. Apunguze sukari, soda, mandazi na chipsi, aendelee na maziwa, mboga, maharagwe, mayai na matunda, na atembee kila siku. Kupungua kuwe kabla ya mimba, au baada ya kuzaa na kunyonyesha. Ndiyo sababu moja kati ya nyingi za kupanga nafasi: mtoto atimize angalau miaka 2 kabla ya kutafuta mwingine. Kwa mwembamba hiyo miaka 2 inarudisha damu na akiba, na kwa mnene inampa muda wa kushusha.

Na kuna ongezeko moja ambalo si la kungojea tarehe ya kliniki. Mama akiongezeka ghafula, kilo nzima au zaidi kwa wiki, uso na mikono ikavimba, kichwa kikauma hakiachi, macho yakaona giza au nyota, au akaumwa juu ya tumbo chini ya mbavu, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Yule mama wa kikundi cha pili aliyetuambia kwamba pete ilikataa kutoka kidoleni, na akafikiri ni kunona, alifika akiwa amechelewa kidogo tu. Yeye yuko hai. Mtoto hayuko.

Sasa chai. Mtatusamehe, tunakaa katikati ya chai, tunaishi kwa chai, na tunangoja bonasi ya chai. Lakini chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na hayo ndiyo yanayotengeneza damu. Mama anakula managu, sagaa na maharagwe, vyakula vizuri kabisa, kisha anavisindikiza na vikombe 2 vya chai, na sehemu kubwa ya ile chuma inapita bure. Vile vile na vidonge vya kuongeza damu. Kliniki inawapa vidonge vyenye miligramu 60 za chuma pamoja na foliki, kimoja kila siku. Wengine wanavimeza kwa chai ya asubuhi. Mezeni kwa maji, au pamoja na chungwa au pera, na chai ingoje saa moja au mbili. Choo kikiwa cheusi msiogope, ni vidonge. Na yale mawe ya udongo yanayouzwa sokoni, tunayajua, wengine wanayo hapa mifukoni: hayaongezi damu, yanaizuia. Ukiona unayatamani sana, mara nyingi ni damu iliyopungua, kwa hiyo mwambie muuguzi akupime.

Hatuwaambii mnunue vyakula vya kigeni. Chakula cha ziada kwa mjamzito, mimba ikishapita miezi 3, ni kama mlo mmoja mdogo: kiazi kitamu, yai na kikombe cha maziwa. Mursik ni nzuri. Avokado zinaoza chini ya miti huku mama amekatazwa kuzigusa. Kuku wanataga, mayai yanapelekwa sokoni yote, na pesa zinanunua sukari. Hapo tunawageukia wazee.

Akina baba, ng'ombe akiwa na mimba mnafanya nini? Mnaacha kumkamua miezi 2 kabla ya kuzaa, mnamwongezea chakula, na mtu akimpiga mnamkemea. Hamkufundishwa na sisi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama aliyeajiriwa miezi 3 ya likizo ya uzazi yenye mshahara. Lakini mama anayechuma katika shamba la nyumbani hana mwajiri wa kumpa likizo. Mwajiri wake ni wewe. Kwenye mashamba makubwa mashine zimechukua kazi nyingi za mikono, lakini kwenye ekari zetu ndogo bado ni vidole vya mama, na kikapu kilicholowa mvua mgongoni kupanda mlima hadi kituoni. Hatusemi alale. Kutembea na kazi nyepesi humsaidia. Tunasema kikapu kibebwe na mtu mwingine kuanzia tumbo linapokuwa kubwa, na yai moja kati ya yale yanayokwenda sokoni libaki nyumbani, na aliwe yeye akilila, si mgeni.

Mzee mmoja aliinuka katika mkutano kama huu akasema, "Nikibeba kikapu watu watasema nimetawaliwa." Kabla hatujajibu, mzee mwingine wa nyuma akamwambia, "Na ukibeba jeneza watasema nini?" Watu walinyamaza. Sisi tusingethubutu kulisema hivyo, lakini hatukulipinga.

Tumalizie na kazi ya vikundi. Mizani haiko mbali kama mnavyodhani. Septemba 2023 serikali ilianza kugawa mikoba kwa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, na ndani yake mna mizani, kipimo cha presha na kipimo cha sukari. Mmoja wao anakaa kijijini kwenu. Mwiteni aje kwenye mkutano wenu mara moja kwa mwezi, siku ile ile ya mchango, na apime kila mjamzito mahali pa faragha, ukutani mwa nyumba au chumbani, si mbele ya watu kama majani. Kilo iandikwe kwenye kitabu cha kliniki cha mama na tarehe yake, na si kwenye daftari la kikundi, maana hiyo ni siri yake. Kikundi kiangalie kitu kimoja tu: amekwenda kliniki au hajakwenda. Kama hajakwenda kwa sababu ya nauli, mnajua la kufanya. Na mwangalie kwamba kila mmoja amejiandikisha SHA, kwa maana kadi ya zamani ya NHIF haifanyi kazi tangu Oktoba 2024, na mlango wa hospitali si mahali pa kwenda kulijua hilo uchungu ukiwa umeshaanza.

Akina kogo na mama wakwe, ninyi tumewaacha mwisho kwa sababu bila ninyi haya yote ni maneno. Binti akirudi kutoka kliniki akasema ameambiwa ale mayai, atawatazama ninyi kwanza. Mwezi ujao tutakuwa hapa tena, na tumeomba muuguzi aje nasi. Njoo naye, na kitabu chake, na swali lako lolote, hata lile la kutubishia.